Burlington: Mji Ulioamua Kununua Akiba

Mwaka 1990 wapiga kura wa Burlington, mji mdogo ulio kando ya ziwa Champlain katika jimbo la Vermont nchini Marekani, waliulizwa kama wanakubali mji wao ukope dola milioni 11.3 kwa kuuza hatifungani. Mkopo haukuwa wa kujenga mtambo, wala barabara, wala shule. Ulikuwa wa kuwasaidia wenye nyumba, wapangaji na wenye maduka watumie umeme kidogo kuliko walivyozoea. Wakakubali. Miaka mingi baadaye Burlington ilipata sifa kwa jambo jingine, kwamba mwaka 2014 ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza Marekani kutangaza kuwa umeme wake wote unatokana na vyanzo visivyokwisha. Habari hiyo ndiyo iliyowavuta waandishi na wageni. Kwa maoni yangu kura ya 1990 ina uzito mkubwa zaidi, na mji wowote mdogo unaotaka kujua motisha za kijani zinafanyaje kazi ungeanzia hapo.

Watu wengi huifikiria ruzuku ya mazingira kama sadaka: serikali ina fedha, raia ana nia njema, basi serikali inamwongezea kidogo ili anunue kifaa kisichochafua hewa. Ikifikiriwa hivyo, huwa ya kwanza kukatwa bajeti inapobana, na hakuna anayeweza kuitetea. Burlington waliifikiria kwa namna nyingine. Mji unahitaji umeme wa kutosha kila siku, na kila uniti ina bei yake, iwe imezalishwa mjini au imenunuliwa kutoka gridi ya majimbo ya kaskazini mashariki. Ikiwa kuziba nyufa za nyumba moja na kubadilisha balbu zake kunaokoa uniti kwa gharama ndogo kuliko kuinunua, basi mji unaomlipa mwenye nyumba afanye hivyo umenunua umeme kwa bei nafuu. Hajapewa zawadi. Ameuza kitu, na mji umenunua.

Hesabu hiyo ina sharti moja, na sharti hilo ni nani anamiliki idara ya umeme. Kampuni binafsi huishi kwa kuuza uniti. Ukiitaka iwalipe wateja wapunguze matumizi, unaitaka ikate tawi ililokalia. Idara ya umeme ya Burlington ni mali ya mji tangu mwaka 1905. Haina wanahisa wa kugawiwa faida. Wateja wakitumia kidogo, mji unanunua kidogo, na unafuu unabaki kwa wateja walewale ambao ndio wenye idara. Serikali ya jimbo nayo iliweka msingi wake: kila bili ya umeme ya Vermont ina tozo ndogo inayokwenda moja kwa moja kwenye kazi ya kuokoa nishati. Tangu mwaka 2000 kazi hiyo imekabidhiwa chombo maalumu kwa karibu jimbo zima, isipokuwa Burlington, ambako idara ya mji inaifanya yenyewe. Fedha hizo haziombwi upya kila mwaka kwa wanasiasa. Zimo kwenye bili, kila mtu anaziona, na kila mtu ana haki ya kuuliza zimefanya nini.

Zimefanya nini, basi? Tuichukue nyumba moja ya mbao iliyojengwa karibu miaka mia moja iliyopita, maana mji umejaa nyumba za namna hiyo. Fundi anafunga madirisha yote, kisha anaziba uwazi wa mlango wa mbele kwa turubai lenye feni kubwa katikati. Feni inavuta hewa ya ndani na kuitupa nje, kwa hiyo hewa baridi inalazimika kuingia kwa nguvu kupitia kila ufa. Fundi anazunguka na kijiti kinachotoa moshi mwembamba. Panapokuwa na ufa moshi unapinda: chini ya ubao wa ukutani, pembeni mwa swichi ya taa, kwenye mfuniko wa kupandia darini, mahali ambapo bomba la maji linapenya sakafu. Ukijumlisha nyufa hizo zote, mara nyingi utakuta ni sawa na dirisha lililoachwa wazi majira yote ya baridi, katika mji ambao usiku wa Januari joto huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Dawa yake haina ufundi wa ajabu. Ni povu la kuziba, ni tabaka nene la karatasi zilizosagwa linalopuliziwa darini, ni ukanda wa mpira pembeni mwa mlango. Gharama kubwa ni kazi ya mikono, na kazi hiyo hufanywa na watu wanaoishi palepale. Katika miaka ya tisini idara ilifika hata kukodisha balbu zinazotumia umeme kidogo, wakati ambapo balbu hizo zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Mteja alilipa kidogo kidogo kwenye bili ya kila mwezi, naye aliokoa zaidi ya alicholipa.

Zaidi ya robo karne baada ya kura ile, matumizi ya umeme ya Burlington yalikuwa chini ya kiwango cha 1989, ingawa uchumi wa mji ulikua na kompyuta zikaingia kila chumba. Bei ya umeme haikupandishwa tangu 2009 hadi 2021. Nisitie chumvi hapa. Sehemu ya punguzo lile ilitokana na nyumba zilizokuwa zikipashwa joto kwa umeme kuhamishiwa kwenye gesi asilia, jambo lililoonekana la busara wakati ule kwa sababu umeme wa kupashia joto ulikuwa ghali na mzito kwa gridi. Leo mji uleule unawalipa watu waiache gesi. Wapo watakaoona hapo ushahidi kwamba mipango ya kijani inayumba. Mimi naona kwamba mnunuzi anayejua anachokinunua anaweza kubadili oda yake hali inapobadilika. Mwaka 1990 Burlington ilikuwa inanunua uniti zisizotumika. Sasa inanunua petroli isiyochomwa na gesi isiyowashwa.

Mabadiliko hayo yanahitaji maelezo, kwa kuwa ni ajabu kidogo kwa idara iliyotumia miaka thelathini kuhimiza watu wapunguze umeme kugeuka na kulipa sehemu ya gharama ya magari ya umeme, baiskeli za umeme, mashine za umeme za kukatia nyasi na pampu za joto. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: inachukua joto lililomo katika hewa ya nje, hata iliyo baridi, na kulisukuma ndani. Kwa uniti moja ya umeme inaweza kutoa joto la uniti mbili hadi tatu, ingawa uwezo huo hushuka baridi inapozidi. Sheria ya Vermont ya mwaka 2015 inazitaka kampuni za umeme ziwasaidie wateja kuacha mafuta na gesi, hivyo motisha hizi zina nguvu ya sheria nyuma yake. Lakini hesabu ya ununuzi bado ipo. Nguzo, nyaya na transfoma zimeshalipiwa, na usiku wa manane karibu hazina kazi. Mwenye gari la umeme akilichaji saa hizo kwa bei iliyopunguzwa, idara inapata mapato ambayo isingeyapata, bila kuongeza nyaya mpya, na fedha hizo zinasaidia kulipia mtandao unaotumiwa na kila mtu, hata asiye na gari. Akilichaji jioni, wakati kila jiko limewashwa, faida hiyo inapotea na huenda ikageuka hasara. Ndiyo maana punguzo limefungwa kwenye saa, na ndiyo maana ruzuku ya gari isiyofungwa kwenye saa ya kuchaji ni kazi nusu.

Sasa niwageukie wanaopinga, maana hoja zao ni nzito. Ya kwanza inahusu kuni. Sehemu kubwa ya umeme unaohesabiwa kuwa safi hutoka mtambo wa McNeil, uliowashwa mwaka 1984, wenye uwezo wa megawati 50, ambao nusu yake ni mali ya idara ya mji. Mtambo huo huchoma mbao zilizosagwa vipande vidogo, na ukifanya kazi kwa nguvu zote hula tani zipatazo 76 kwa saa. Nyingi huletwa kwa treni ili malori yasijae mitaani. Watetezi wanasema mbao hizo ni matawi, mabaki ya uvunaji na miti isiyofaa kwa mbao za ujenzi, na kwamba misitu ya Vermont inasimamiwa na inaota tena. Wanaharakati wa mji huohuo wanajibu kwamba kwa kila uniti ya umeme, kuni hutoa hewa ukaa nyingi hata kuliko makaa ya mawe, na kwamba mti uliochomwa leo utahitaji miaka mingi kurudi, ilhali hali ya hewa haitungoji. Tena karibu robo tatu ya nguvu iliyomo katika kuni hizo hupotea kama joto, na mpango wa kulipeleka joto hilo kwa mabomba hadi hospitali na majengo mengine ulijadiliwa kwa miongo bila kutekelezwa.

Katika ugomvi huu naona wanaharakati wana haki kwenye jambo la msingi. Kuhesabu moshi wa McNeil kuwa sifuri ni urahisi wa mahesabu ambao anga haiutambui. Mtambo huo ulikuwa hatua ya mbele ukilinganishwa na mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ukifuka pale ufukweni hadi mwaka 1986, lakini hatua ya mbele ya 1984 haiwezi kuwa kituo cha mwisho. Hata hivyo pingamizi hili linalenga chanzo cha umeme. Kazi ya kuokoa haiguswi. Kwa kweli linaiongezea thamani, kwa sababu uniti isiyohitajika haihitaji gogo, wala bwawa, wala mnara wa upepo mlimani. Mji uliotumia zaidi ungelazimika kuchoma zaidi.

Ya pili ni ya vyeti. Katika soko la umeme la Marekani, kila uniti elfu moja zinazotoka chanzo kisichokwisha huambatana na cheti kinachoweza kuuzwa peke yake. Burlington huuza vyeti vya bei ya juu, vikiwamo vya McNeil, kisha hununua vya bei nafuu, mara nyingi vya mabwawa ya zamani, ili dai lake la asilimia mia lisimame. Hakuna ulaghai, idara yenyewe hulieleza jambo hili hadharani, na fedha inazopata zimesaidia bei ya umeme isipande. Ila msomaji anapaswa kujua kwamba asilimia mia ni hesabu ya mwaka mzima katika vitabu. Haimaanishi kwamba usiku wa Februari, upepo umetulia, kila taa ya Burlington inawashwa na chanzo safi. Bwawa dogo la Winooski ambalo mji ulilinunua mwaka 2014, lenye uwezo wa megawati 7.4, ni halisi na lipo mlangoni. Tangazo lililofuata ununuzi ule lilikuwa kubwa kuliko bwawa lenyewe.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi. Motisha humfuata mwenye fedha. Ili upate ruzuku ya gari la umeme, kwanza uwe na fedha za gari. Ili ubadilishe mfumo wa joto, kwanza uwe na nyumba. Zaidi ya nusu ya kaya za Burlington ni wapangaji. Mwenye nyumba ndiye anayechagua tanuri na ndiye anayeamua kama dari itawekewa kizuia joto, lakini bili ya joto inalipwa na mpangaji. Mmoja ana uwezo bila sababu, mwingine ana sababu bila uwezo. Ruzuku pekee hailifungui fundo hilo hata iongezwe mara ngapi. Miongoni mwa wapangaji hao wamo wasemaji wa Kiswahili, kwa kuwa Burlington na mji jirani wa Winooski imepokea wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, pamoja na Wasomali Wabantu. Baadhi yao hulima mboga za kwao katika bonde la Intervale, chini kidogo ya mtambo wa McNeil, na Julai 2023 mto Winooski ulipofurika ukafunika mashamba ya bonde lile. Watu waliochangia kidogo sana kuchafua hewa ndio waliopoteza mazao, na ndio wanaokaa katika nyumba zenye nyufa nyingi. Mpango wa kijani unaowapita watu hawa una kasoro katikati yake, hata kama takwimu zake zinapendeza.

Hapa Burlington ilifanya jambo ambalo miji mingi huliogopa. Mwaka 2021 baraza la mji lilipitisha sheria inayozitaka nyumba za kupangisha zinazopoteza joto kupita kiasi ziwekwe vizuia joto na kuzibwa. Mwenye nyumba anaweza kupata msaada wa fedha, lakini kukataa kabisa hakuruhusiwi. Mwaka 2023 wapiga kura waliidhinisha tozo ya dola 150 kwa kila tani ya hewa ukaa, itozwe majengo mapya na majengo makubwa yanayoendelea kufunga mifumo ya mafuta na gesi. Kaya za kipato cha chini na cha kati huongezewa ruzuku. Hivyo motisha ilipata mwenzake, yaani sharti. Wapo wanaosema sharti litapandisha kodi za nyumba, na katika mji wenye uhaba wa nyumba kama huu hofu hiyo ni ya kweli. Jibu lake ni kuangalia anacholipa mpangaji kwa jumla, kodi pamoja na bili ya joto, maana nyumba ya kodi nafuu inayomwaga joto nje si ya bei nafuu. Lakini jumla hiyo itashuka tu ikiwa fedha za umma zinabeba sehemu kubwa ya kazi na mji unafuatilia kodi zinavyokwenda. Ni mzigo wa usimamizi, na mji unaoukwepa utakuwa umewabebesha wapangaji.

Wengine watauliza, mji wa watu kama 45,000 unaweza kuipunguzia dunia nini? Kidogo sana, kwa tani. Ila ukubwa unapimwa pia kwa uimara. Mwaka 2022 serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria yenye nafuu kubwa za kodi, zikiwamo dola 7,500 kwa gari jipya la umeme. Julai 2025 sheria nyingine ikazikata: nafuu ya magari ilikoma mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, na ile ya pampu za joto ikafuatia mwisho wa mwaka. Miaka mitatu tu. Fundi aliyeajiri vijana na kununua vifaa kwa kutegemea ahadi ile alibaki na hasara. Tozo ya bili ya Vermont haikuondoka pamoja na uchaguzi mmoja wala mwingine. Chombo kidogo kilichokita mizizi kimeshinda ahadi kubwa iliyoning'inia.

Na itasemwa kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Fedha zinatofautiana, ndiyo, lakini ugumu wa gharama ya kuanzia ni uleule. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri vya umeme, ambayo hushuka kwa nusu katika saa zisizo na msongamano. Ni hesabu ileile ya nyaya zinazolala usiku. Tanzania ina mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na imegawa mitungi ya gesi kwa ruzuku. Mtungi wa kwanza ni rahisi kuugawa na kuupiga picha. Swali ambalo mnunuzi makini angeuliza ni la mtungi wa pili: je, mama lishe anayenunua mkaa wa kopo kila asubuhi, kwa fedha ya jana, anaweza kulipia gesi ya kujaza kwa mkupuo? Kama hawezi, ruzuku imenunua chuma na haijanunua moto safi. Malipo ya kidogo kidogo, kama ya zile balbu za kukodi, yangemfaa kuliko mtungi wa bure.

Burlington imejiwekea lengo la kuachana na mafuta na gesi katika joto na usafiri wa nchi kavu ifikapo 2030, na lengo hilo ni gumu mno. Gesi bado inapasha joto sehemu kubwa ya majengo yake. Tanuri la gesi huishi miaka kumi na mitano, ishirini, hata zaidi. Linalofungwa mwaka huu litakuwa bado linawaka baada ya 2040. Watu wengi hawalibadilishi kwa kupanga. Linakufa lenyewe, mara nyingi usiku wa baridi kali, na familia inampigia simu fundi yeyote atakayefika haraka. Fundi anafunga kilichopo kwenye gari lake, na kilichopo huwa ni tanuri jingine la gesi. Hakuna tangazo la ruzuku litakalosomwa usiku huo. Fedha za motisha zingepaswa kutangulia: ziende kwa duka linalomuuzia fundi, ili pampu ya joto iwe ghalani kabla ya Novemba, ziende kwenye mafunzo yake, ili asiiogope, na ziende kwenye kipasha joto cha kuazima, ili familia iweze kungoja siku tatu pampu ifungwe vizuri bila watoto kulala na makoti.